Saa ya Utulivu Itafutwe Bandari Nyingine

Nina ugomvi na watu wanaoamka saa kumi alfajiri kusoma Biblia. Sio kwamba nawaonea wivu. Waamke, hata saa tisa, hakuna aliyewafunga kamba. Ugomvi wangu ni kwamba hawawezi kuamka wakanyamaza. Hujamaliza kutafuta soksi ya pili, simu imelia: kikundi cha kanisa, mstari wa leo, picha ya jua linalochomoza, viganja viwili vimekutanishwa, na chini yake maneno, "Wapendwa, nimekuwa na wakati mtamu na Bwana tangu saa kumi. Je, wewe?"

Mimi? Tangu saa kumi nimekuwa na wakati na mbu.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuhesabu mifuko. Nasimama gatini Bandari ya Bujumbura na daftari langu, kwa niaba ya tajiri mwenye mzigo, na kila mfuko unaoshuka melini nauwekea kijistari. Vikifika vinne, cha tano kinavikata kwa mshazari, naanza upya. Saruji, sukari, mahindi: mizigo mingi hutoka kusini kabisa mwa ziwa, Mpulungu ya Zambia, mingine Kigoma, na yote hufika siku ambayo hakuna aliyeitaja. Nayasema haya ili mjue kwamba mimi si mtu wa kutishwa na hesabu.

Sasa Januari mchungaji wetu akasimama madhabahuni akatangaza kwamba huu ni Mwaka wa Neno. Tukagawiwa karatasi yenye vijisanduku 365. Ukisoma, unaweka alama. Desemba unairudisha imejaa. Hesabu yenyewe ni hii: Biblia tunayotumia sisi Waprotestanti ina sura 1,189. Gawanya kwa siku za mwaka, unapata sura tatu na kitu kwa siku. Hicho "kitu" hakikufafanuliwa. Nikanyosha mkono kuuliza kinasomwa saa ngapi. Tukaambiwa tusimame, tuombe.

Ratiba hizi zina babu zake. Mmoja ni Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa mji wa Dundee, Scotland, aliyewatungia waumini wake kalenda mwishoni mwa 1842: Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili, sura kama nne kila siku. Alikuwa mtu mwema sana, na kalenda yake inafuatwa mpaka leo. Lakini tuseme ukweli. M'Cheyne hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, na nyumba yake ilitunzwa na dada yake. Tena alifariki Machi 1843, akiwa na miaka 29, kabla kalenda haijawafikisha watu wake kwenye kitabu cha Walawi. Yaani mwenye ratiba hakuwepo kumuuliza mtu maswali pale hasa ambapo ratiba zote hukwama. Mchungaji wetu yupo, ana afya njema, na anauliza.

Ushauri unaokuja pamoja na karatasi haujabadilika tangu nizaliwe: amka mapema, jitenge, funga mlango, tulia. Aliyeubuni alikuwa na mlango. Mimi naishi Buyenzi, na chumba chetu kina pazia. Nyuma ya pazia wamelala watoto, mbele ya pazia wamelala watoto wengine pamoja na shemeji aliyekuja kwa wiki moja mwaka juzi. Umeme ukikatika nawasha tochi ya simu; nikiwasha simu kitinda mimba anaamka, maana kwake mwanga wa simu ni katuni. Jirani wa kushoto anafungua redio asikie habari. Jirani wa kulia anafungua ya kwake asisikie ya wa kushoto. Utulivu Bujumbura ni kama petroli: unaambiwa umeingia, ukifika umekwisha.

Halafu kuna adhana. Siilalamikii adhana, nimekua nayo, na ndiyo inayoniwahisha kazini. Ninayemlalamikia ni mzee wangu wa nyumba ya pili, anayerudi msikitini alfajiri na kanzu isiyojua kukunjamana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ile karatasi yenu ya vijisanduku inakwendaje?"

Sikumwambia habari za karatasi. Buyenzi haina siri.

"Inakwenda taratibu, mzee wangu."

"Sisi Kurani ina juzuu 30. Ramadhani ikiingia, juzuu moja kila siku, mwezi ukiandama tumekhitimu. Ninyi mnakhitimu lini?"

"Kitabu chetu ni kirefu kidogo, mzee."

"Naam. Na mwaka wenu una miezi mingapi?"

Akaingia kwake bila kungoja jibu, na sikuwa nalo.

Nyumbani nako sipati wa kunionea huruma. Mama watoto yeye hajawahi kujitenga popote. Jioni anaketi uani na ungo wa maharage, binti yetu wa kwanza anaketi pembeni na Biblia, mmoja anachambua mawe na mwingine anasoma kwa sauti. Mtoto akikosea neno anarekebishwa, jiwe likiruka mtoto analiokota. Nilipomweleza kwa kirefu jinsi maisha ya siku hizi yasivyompa mtu nafasi ya kukaa na Neno, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole, baba. Sisi Marko tumeshamaliza." Akamwambia mtoto afungue Luka.

Wengine hushauri: soma njiani. Njia ipi? Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji, nasi wenye mfuko mwepesi tukazoea kwenda kwa miguu. Siwezi kusoma Isaya huku natembea; barabara za kwetu zina mitaro iliyo wazi, na nabii hajaandika popote kwamba atanishika mkono. Basi soma kwenye foleni ya mafuta, wanasema, maana miaka hii nchi nzima imejifunza kulala kwenye foleni. Nimetumwa huko na tajiri, nikalinde nafasi ya gari lake. Foleni ya mafuta haisomeki. Ukifungua tu, mtu anapiga kelele kwamba lori limeonekana. Watu wote wanaruka, wanasukuma magari, wanabanana, wanatukanana, kisha inabainika lori lenyewe lilikuwa la bia. Mnarudi kukaa. Ukifungua tena, lori limeonekana.

Inabaki bandari. Na hapa wenye hoja wana hoja, kwa sababu kazi ya bandari ni kungoja. Meli iko majini inangoja gati. Ikipata gati inangoja karatasi. Karatasi inangoja mhuri, mhuri unangoja mwenye mhuri, na mwenye mhuri amekwenda kunywa chai. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini hulichafua ziwa, na meli iliyoahidiwa Jumatatu inakuja ikijisikia. Kuli anangoja winchi, dereva anangoja kuli, mimi nawangoja wote. Muda wa kusoma Biblia bandarini upo wa kutosha kuisoma na kuinakili. Msomaji wa mwendo wa kawaida anayeisoma kwa sauti kutoka Mwanzo hadi Ufunuo huhitaji saa 70 na zaidi kidogo, na yapo mafaili hapa yaliyokaa mezani mara kumi ya hizo.

Kinachokosekana ni ruhusa ya binadamu wenzako.

Siku niliyotoa Biblia mfukoni nikaifungua juu ya mifuko ya saruji, wa kwanza kunifikia alikuwa msimamizi wa makuli. Akavua kofia.

"Pole sana, ndugu yangu. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Nasoma tu."

"Basi ni kesi. Kesi ya nini?"

Nikamwambia hakuna kesi. Akatikisa kichwa kama mtu anayeheshimu siri ya mwenzake, akaenda kuwaambia wenziwe kwamba nimeandikiwa barua ya kuachishwa kazi ila naona haya kusema. Kabla ya saa nne nililetewa chai na maandazi mawili ya pole. Niliyapokea, kwa kuwa yalikwisha lipiwa.

Wa pili alikuwa wakala mmoja wa forodha. "Mtumishi," akaniita, na mpaka asubuhi hiyo alikuwa akiniita wewe, "niombee, faili langu limekaa wiki." Wa tatu, dereva wa lori, alitaka nimkopeshe, akaongeza kwamba mtu wa Mungu hawezi kukataa. Wa nne akaja mwenyewe, mwenye mhuri, kikombe mkononi, akasimama mbali kidogo.

"Wewe, unaniombea nini hapo?"

"Siombi, shefu. Nasoma Wakorintho."

"Sura gani inayonihusu?"

Nikamwambia sijafika hiyo. Hakucheka. Karatasi zetu zilipigwa mhuri kabla ya adhuhuri, jambo ambalo watu wa bandarini bado wanalizungumza. Tajiri aliposikia akafurahi mno, akaniambia kesho nije na ile kubwa yenye zipu.

Kusoma sikusoma. Aya zile chache nilizofungua nilizifunga zikiwa na vumbi la saruji.

Soma kwenye simu basi, wanasema vijana wa kwaya. Ni kweli, programu za Biblia zipo bure, YouVersion peke yake iko kwenye simu tangu 2008, na Kiswahili kimo. Lakini simu haina adabu kwa manabii. Uko na Yeremia kisimani, juu ya kioo unateremka ujumbe: tuma idadi ya mifuko. Unatuma idadi. Chini yake kwaya wanabishana juu ya rangi ya vitambaa. Unatoa maoni yako kuhusu vitambaa. Mtu anauliza matokeo ya mechi ya Vital'O. Unamjibu, anakubishia, unamthibitishia. Ukirudi, Yeremia bado yumo kisimani, amezama matopeni, na mega zako zimekwisha.

Sasa kabla hamjanihukumu, nileteni huyo mtu aliyepata muda wa kutosha. Mimi namjua mmoja, na jiwe lake lipo hapa hapa kusini mwa mji, pale Mugere. Ni jiwe la wasafiri Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871 katika safari yao ya kuzunguka pembe hii ya ziwa, walipotaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. (Unaingia. Watu wa Gatumba, pale karibu na mto, wangewaambia bure.) Livingstone huyo aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alipokuwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, aliisoma Biblia nzima mara nne. Mara nne! Mchungaji wetu huitaja habari hii na kututazama.

Asichokitaja ni namna muda huo ulivyopatikana. Livingstone alikuwa na vidonda vya miguu visivyopona upesi, akakwama Bambarre, huko Manyema, kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871. Wapagazi wengi walikuwa wamemtoroka, barua hazikufika, dawa hana. Hata karatasi za kuandikia zilimwishia, akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani. Hakuwa na kikundi cha kanisa, hakuwa na foleni, hakuwa na shemeji. Nami nakubali: nipeni vidonda vya miguu na miezi saba chini ya mti, hata mimi nitafika Walawi.

Lakini kuna jambo linalonikera zaidi ya vijisanduku, na hapo ndipo nalazimika kuwa upande wa mchungaji. Ni Biblia ya kusikia. Hapa Bujumbura kila mtu anaijua Biblia, na wachache wameifungua. Ziwa lilipopanda, Gatumba ikazama 2024, watu wakihamia kwenye mahema, mji mzima ukawa wa Nuhu. Kwenye basi Nuhu, kwenye mishikaki Nuhu. Wanyama wakaingia wawili wawili, wakasema, mvua ikanyesha siku 40, yakaisha. Mimi ni mhesabu mizigo. Nenda kasome Mwanzo sura ya saba mwenyewe. Wanyama walio safi hawakuwa wawili wawili. Aliamriwa kutwaa saba saba. Na maji hayakwisha na mvua: yalikaa juu ya nchi siku 150. Mtu aliyesoma hilo asingemwambia jirani yake wa Gatumba kwamba mvua ikikatika kesho anarudi nyumbani. Angemchangia turubai.

Vilevile wale mamajusi watatu wa kila Krismasi. Mathayo ametaja zawadi tatu; idadi ya watu hakuitaja. Bandarini kwetu ukijaza fomu hivyo, kwamba mizigo ni mitatu kwa hiyo wapagazi ni watatu, unafukuzwa kazi ya ukarani siku hiyo hiyo. Kanisani unapewa maikrofoni.

Tatizo la Biblia ya kusikia ni kwamba unakula anachopenda mpishi. Mhubiri ana sura zake anazozipenda, na mwaka baada ya mwaka tunazunguka nazo hizo hizo: Daudi na Goliathi, mwana mpotevu, fungu la kumi. La kumi halikosi. Sijawahi kusikia mtu akihubiri Ezekieli 27. Ungeniuliza mimi, sura hiyo iliandikwa kwa ajili ya Bandari ya Bujumbura. Ni maombolezo juu ya mji wa Tiro, lakini katikati nabii anaacha kulia na kuanza kuorodhesha mizigo: fedha, chuma, bati na risasi kutoka Tarshishi, farasi na nyumbu kutoka Togarma, pembe na mpingo, ngano, asali, mafuta na zeri kutoka Yuda na Israeli, divai na sufu nyeupe kutoka Dameski. Kila bidhaa na ilikotoka, kila mteja na alicholeta. Hiyo ni orodha ya shehena kamili, utadhani imeandikwa na mtu aliyesimama gatini akatazama. Kisha meli yote, na mizigo yake, na mabaharia wake, inazama katikati ya bahari kwa sababu mji uliojiona mzuri kuliko yote haukuona kingine. Karani wa bandari akiisoma hiyo, haihitaji mhubiri wa kuipigia kelele.

Au Matendo 27, safari ya Paulo kwenda Rumi. Wahubiri hukimbilia malaika aliyesimama usiku. Mimi nilisimama kwenye hesabu: Luka anasema waliokuwemo walikuwa watu 276. Si "umati", si "kama mia tatu hivi", ni 276, na baada ya chombo kuvunjika Malta wote wakafika nchi kavu. Tena ametaja utaratibu wa kutupa mzigo: kwanza sehemu ya shehena, siku ya tatu vyombo vya merikebu, ngano ikabaki mpaka mwisho, watu walipokwisha kushiba. Yeyote aliyewahi kuona nahodha akichelewa kuamua kati ya mzigo wa tajiri na roho za watu ataelewa sura hiyo kuliko profesa. Na akida aliyemsafirisha Paulo aliambiwa wasiondoke, majira yamepita. Akawasikiliza nahodha na mwenye meli. Bandari zote ni ndugu.

Haya huyapati kwa kusimuliwa. Na hayapo kwenye mstari wa saa kumi wenye picha ya jua, kwa sababu mstari huo daima ni ahadi ya baraka. Sijawahi kutumiwa asubuhi orodha ya bati na risasi.

Halafu tukumbuke kitabu chenyewe kilitufikiaje, maana hakikushushwa gatini na winchi. Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili pale Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mke wake na mtoto wao mchanga. Biblia ya Kiswahili ninayoisoma mimi, ile ya Muungano, ni ya 1952. Zaidi ya miaka mia moja ya watu kuandika, kufuta na kuandika tena. Wenzetu wanaosoma Kirundi nao wana deni lao. Harold Guillebaud, aliyekwisha kufanya kazi ya Kinyarwanda, alikuja Burundi kuanza ya Kirundi, akafariki huku huku mwaka 1941. Binti yake Rosemary akaishika kazi pamoja na Warundi waliojua lugha yao, na Biblia nzima ya Kirundi ikatoka 1967. Baba, binti, na wenzao vijana kwa wazee, miaka yote hiyo.

Nasi tunaitumia kukandamizia karatasi zisipeperushwe na upepo wa ziwa. Au kuwekea pesa. Rafiki yangu mmoja wa bandarini alitafuta akiba ya mkewe nyumba nzima, chini ya godoro, ndani ya gunia la mchele, nyuma ya picha ya harusi. Mwanamke ameiweka ndani ya Biblia ya mumewe, kitabu cha Hesabu, na imekaa salama tangu msimu wa mvua mpaka kiangazi. Hakuna benki katika mji huu yenye ulinzi kama huo.

Kwa hiyo, baada ya kulalamika vya kutosha, natoa hukumu yangu kama karani. Tuache kuitafuta saa ya utulivu. Imekwenda bandari nyingine na hatujaambiwa itarudi lini. Aliye na mlango aufunge, Mungu ambariki na mlango wake. Sisi wenye mapazia tusome palipo na kelele. Yule Mwethiopia wa Matendo 8, mkuu wa hazina ya malkia Kandake, alisoma Isaya ndani ya gari la farasi, barabarani, safari ndefu, kwa sauti kiasi kwamba mtu aliyekimbia kando alimsikia. Tena alikuwa haelewi anachosoma. Hakungoja afike nyumbani, hakungoja kunyamaze, hakungoja aelewe. Alisoma, akauliza, akajibiwa. Na huyo alikuwa afisa wa serikali, watu tunaoambiwa hawana muda kuliko wote.

Mchungaji wangu mpendwa, karatasi ya vijisanduku nitairudisha Desemba kama ilivyo, na nitaomba ile ya mwakani iwe na nafasi ya kuandika nilichokiona badala ya alama ya kwamba nimeona. Maana naweza kuweka kijistari kwa mfuko usiokuwepo. Waulize matajiri kama haijawahi kutokea. Kijistari hakithibitishi sukari.

Na wewe msomaji, uwe karani, kuli, wakala au mwenye mhuri: nunua Agano Jipya la mfukoni, au Biblia ndogo isiyo na zipu, isiyotisha mtu. Simu iache mfukoni. Soma kwa sauti kama kuna wa kukusikiliza, hata kama anachambua maharage. Wakikuuliza nani amefariki, waambie hakuna, na chai uipokee. Kama hujui pa kuanzia, anza na Yona, aliyefika bandari ya Yafa, akalipa nauli yake, akapanda meli inayokwenda kusikotakiwa. Kitabu chake kina sura nne, aya 48 tu. Utakimaliza kabla mwenye mhuri hajarudi kutoka kunywa chai.